Herufi Sitini na Nne

Mutanga Sud ni mtaa wa Bujumbura uliopanda kidogo kutoka katikati ya mji, jirani na bonde la mto Ntahangwa, na karatasi zake husafiri kuliko wakazi wake. Hapo pana kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, pana nyumba ambazo watoto wake wametawanyika Brussels, Montréal, Nairobi na Dar es Salaam, na pana ofisi zinazoandikiana na ulimwengu kutwa nzima. Mwanafunzi anayeomba nafasi ya masomo ng'ambo huipiga picha diploma yake kwa simu, akaiambatisha kwenye barua pepe na kuituma. Bibi aliyebaki nyumbani hufunguliwa na mjukuu mkubwa picha ya mjukuu mdogo aliyezaliwa Ubelgiji. Imetumwa, imefika, maisha yanaendelea.

Jambo hili la kila siku linastahili kutafakariwa, kwa sababu njia iliyopitiwa na picha hiyo haikujengwa kwa ajili ya picha. Barua pepe tangu asili ni njia ya maandishi. Na maandishi yenyewe yalikuwa ya watu fulani: herufi za Kiingereza, tarakimu, alama chache za uandishi na amri kadhaa za mashine. Orodha hiyo, iitwayo ASCII, ilitolewa Marekani mwaka 1963, ikaongezewa herufi ndogo baadaye, na nafasi zake zote ni 128. Kompyuta hutaja kila nafasi kwa mfululizo wa sifuri na moja, ziitwazo biti, na kwa nafasi 128 mfululizo wa saba unatosha. Kwa kuwa mashine zilizoea kuhifadhi vitu kwa mafungu ya nane nane, yaani baiti, kila herufi ilibaki na biti moja isiyo na kazi. Mwaka 1982, Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, ambazo hadi leo ndizo msingi wa kupelekeana barua pepe, alielekeza kwamba biti hiyo ya nane iwe sifuri, na kwamba mstari mmoja usizidi herufi 1000. Zipo mashine za njiani zilizoitii kanuni hiyo kikamilifu: kila biti ya nane iliyofika ikiwa moja, zikaifuta.

Itazame sasa kanuni hiyo ikikutana na Burundi. Warundi wengi wana jina la Kirundi na jina la ubatizo, na hili la ubatizo mara nyingi ni la Kifaransa. Katika orodha pana zaidi iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, herufi é ni namba 233. Ifute biti yake ya nane, inabaki 105, na 105 ni i. Désiré anakuwa Disiri. Générose anakuwa Ginirose, na Aimé anakuwa Aimi. Herufi ç, namba 231, inaangukia kwenye g, hivyo stakabadhi iliyoandikwa reçu inafika ikiwa regu. Majina ya Kirundi hayakuguswa. Niyonkuru alipita, Hakizimana alipita, Nahimana alipita. Kiswahili nacho kilipita chote, kwa kuwa hati ya Kilatini tunayoitumia, ile iliyosanifiwa kuanzia 1930, haina vialama juu ya herufi. Hata ng' yetu inatosheka na alama iliyokuwamo katika orodha ya Wamarekani. Tulipita kwa bahati. Hakuna aliyetufikiria.

Aliyepokea barua ya Disiri aliweza kuirekebisha, kwa maana alimjua Désiré. Jicho la mtu husamehe. Picha haina wa kuisamehe. Faili la picha la aina ya JPEG daima huanza kwa baiti tatu zilezile: 255, 216, 255. Zikifutwa biti za nane, zinakuwa 127, 88, 127, na programu inayopaswa kuifungua haiitambui tena. Na hata ingeitambua isingeweza kuirudisha, kwa sababu 233 na 105 zote zimeshakuwa 105, na hakuna alama iliyobaki ya kuonyesha ipi ilikuwa ipi. Maandishi yaliyoharibika hivi ni majeruhi. Picha ni maiti.

Palikuwa na njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuzibadili mashine zote za ulimwengu. Ya pili ni kuubadili mzigo. Watu wenye subira walichagua ya pili. Mwaka 1980, hata kabla ya kanuni za Postel, Mary Ann Horton, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika programu iitwayo uuencode. Ilichukua baiti tatu za faili lolote, ikazigawa mafungu manne ya biti sita, na kila fungu ikaliandika kama herufi moja inayochapika. Picha ikawa ukurasa wa maandishi yasiyosomeka, lakini maandishi hata hivyo, na maandishi yaliruhusiwa kupita. Upande wa pili programu ya kufungua iliyageuza yakawa picha.

Ila herufi za uuencode zilikuwa na udhaifu wake. Miongoni mwao palikuwa na nafasi tupu, na zipo mashine zilizokuwa zikifuta nafasi tupu mwishoni mwa mstari kwa kudhani zinasafisha. Palikuwa na mabano ya mraba na mkwaju wa kurudi nyuma, alama ambazo kompyuta kubwa za IBM ziliandika kwa orodha yao nyingine kabisa, na wakati wa kutafsiriwa kutoka orodha hadi orodha zikabadilika. Nchi mbalimbali nazo zilikuwa zimeinyakua baadhi ya nafasi za ASCII kwa mahitaji yao; Wafaransa, kwa mfano, waliiweka ç yao pale palipokuwa na mkwaju huo wa kurudi nyuma. Faili lililovuka mipaka kadhaa ya namna hii lingeweza kufika na herufi moja tu iliyopinda, na herufi moja ilitosha kuliharibu.

Hapo ndipo ninapoona kitu cha kuheshimiwa. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotunga kanuni za MIME, za kuambatisha mafaili kwenye barua pepe, zilizotangazwa Juni 1992, walichukua mfumo uliokwisha kutumika kwa barua za faragha miaka michache nyuma, mfumo tunaouita leo Base64. Orodha yake haikukusanywa kwa kuangalia ni herufi zipi mashine bora inaziweza. Ilikusanywa kwa kuuliza ni herufi zipi zinazobaki vilevile katika kila orodha inayojulikana, ya Wamarekani, ya IBM, ya kila taifa. Zilizopona swali hilo ni A hadi Z, a hadi z, 0 hadi 9, alama ya kujumlisha na mkwaju: 64 kamili. Ikaongezwa alama ya sawasawa ya kujazia pengo mwishoni. Mistari ikakatwa isizidi herufi 76, ili hata mashine yenye kikomo kifupi isipate sababu ya kukata.

Anayeijua njia ya kati ya mizigo yetu, kutoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma na kutoka Kigoma kwa meli hadi bandari ya Bujumbura, anaijua kanuni hii. Ukubwa wa furushi hauamuliwi na behewa kubwa kuliko yote. Huamuliwa na winchi dogo kuliko yote.

Kazi yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa kalamu, na nadhani kila kijana anayejifunza kompyuta angepaswa kuifanya mara moja. Twaa herufi tatu za mwanzo za Buja, jina tunalouita mji huu kwa mkato. B ni 66, u ni 117, j ni 106. Ziandike kwa biti nane nane: 01000010, 01110101, 01101010. Ziunganishe ziwe mkanda mmoja wa biti 24, kisha uukate upya kwa sita sita: 010000, 100111, 010101, 101010. Mafungu hayo ni 16, 39, 21 na 42, na katika orodha ya herufi 64, ukianza kuhesabu kwa sifuri, ni Q, n, V na q. Herufi ya nne, a, imebaki peke yake. Biti zake nane zinatoa fungu moja kamili na kipande, kipande kinajaziwa sifuri, na alama mbili za sawasawa zinatangaza kwamba hapa palikuwa na pengo. Buja imekuwa QnVqYQ==. Atakayepokea, awe Kisangani au Muscat, akirudi nyuma kwa hatua zilezile atapata Buja, bila biti kuzidi wala kupungua.

Ukiizoea hati hii, unaanza kuitambua kwa sura. Picha ya JPEG, kwa zile baiti zake tatu za mwanzo, hutokea ikianza na /9j/. Hati ya PDF huanza na JVBERi. Diploma ya yule mwanafunzi wa Mutanga, ikiwa njiani, ni maelfu ya mistari ya herufi 76, na atakayeichungulia katikati ya safari ataona mwanzo huo na kujua ni hati ya namna gani, ingawa hatajua ni ya nani mpaka aifungue.

Na kuifungua ni rahisi. Hili lisemwe wazi. Base64 inaonekana kama siri, na wapo wanaodhani ni siri. Haina ufunguo. Kanuni yake imechapishwa kwa kila mtu, na mtoto wa sekondari anaweza kuisimbua. Hata nywila ya barua pepe, katika mojawapo ya njia za kawaida za kujitambulisha kwa seva ya SMTP, hutumwa kwa Base64. Ikiwa mawasiliano yenyewe hayajafungwa kwa usimbaji fiche, ni sawa na kuiandika ukutani. Kusudi la Base64 ni kufika mzima, na kufika mzima kunahitaji kanuni iliyo wazi. Kusudi la usimbaji fiche ni kutoonekana, na huko kunahitaji ufunguo ulio wa siri. Anayechanganya mambo haya mawili huweka maisha ya watu hatarini, hasa katika nchi zilizopitia tulikopitia sisi.

Mwaka 1996 Warundi hawausahau. Tarehe 25 Julai serikali ilipinduliwa, na siku chache baadaye nchi jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vilivyokuja kusitishwa Januari 1999. Mafuta yaliadimika, bei zikapanda, mipaka ikawa mizito. Katika msimu huohuo, mwezi Oktoba, alama ya .bi iliingizwa katika orodha ya nchi za intaneti, na mwezi Novemba kanuni za MIME zikachapishwa upya katika umbo linalotumika hadi leo. Matukio haya hayakuzaana. Nayaweka pamoja kwa sababu yanaonyesha namna mbili za kufikiria mpaka. Mpaka mmoja ulipima unatoka nchi gani. Mwingine ulipima kama unaweza kubeba herufi 64, na kila mwenye kuzibeba alipita.

Ukweli ni kwamba hata kuzibeba hizo hakukuwa kwepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa na intaneti ya kudumu. Waganga na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda walitegemea mitandao kama HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown. Setilaiti yake, HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, ilizunguka karibu na dunia. Ilipopita juu ya kituo ilipokea maandishi, ikayachukua angani, na kuyashusha ilipopita juu ya kituo kingine. Dirisha la kila mapito lilikuwa la dakika chache. Katika njia kama hiyo kila baiti ina bei.

Na Base64 inatoza bei. Baiti tatu zinakuwa herufi nne: theluthi moja zaidi. Ukihesabu na alama mbili zisizoonekana zinazofunga kila mstari, baiti 57 zinasafiri kama 78, karibu asilimia 37 ya ziada. Mtumiaji wa leo hukutana na bei hiyo bila kuijua: pale kikomo cha MB 25 kinapohesabiwa kwa barua iliyokwisha kuvikwa herufi hizo, faili linalozidi takriban MB 18 linagonga ukuta. Kwa mwenye nyaya za kasi nyumbani ziada hiyo ni pumzi moja. Kwa anayenunua MB za siku kwenye simu yake, ni sehemu ya chakula cha mchana. Kodi ni ileile kwa wote kwa uwiano. Kwa uzito hailingani hata kidogo. Nchi yetu, isiyo na pwani, ilisubiri nyaya za chini ya bahari zifike Dar es Salaam na Mombasa kuanzia 2009, kisha ikajenga mkongo wake wa kuungana nazo. Kabla ya hapo karibu kila neno lilipanda setilaiti, na setilaiti ni ghali.

Hata hivyo, nikiulizwa kama kodi hiyo ilistahili kulipwa, najibu ndiyo. Njia nyingine ilikuwa kusubiri. Kusubiri mashine zote ziwe za kisasa kungemaanisha kwamba wenye mashine duni, yaani sisi, tungeingia mwisho. Borenstein alipotuma kiambatisho cha kwanza cha MIME tarehe 11 Machi 1992, alituma picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne pamoja na sauti yao wakiimba. Watu walipomuuliza kwa nini mtu atake picha kwenye barua pepe, alisimulia baadaye kwamba aliwajibu kuwa siku moja atakuwa na wajukuu na atataka kuona picha zao. Hakuwa anamfikiria bibi wa Mutanga Sud. Lakini kwa kuwa aliuliza mashine dhaifu zinaweza nini, bibi naye alipata nafasi katika ndoto yake.

Kipo kitu kimoja ambacho kanuni hii haiwezi kukirudisha, nacho kinanishughulisha kuliko vyote. Kirundi ni lugha ya toni, na irabu zake zina urefu na ufupi wenye maana. Katika maandishi yetu ya kawaida hatuonyeshi toni wala urefu. Barua ya Kirundi, hata iliyoandikwa kwa kalamu, imeacha sehemu ya sauti nyumbani. Msomaji ndiye anayeirudisha, kwa sababu alikua akiisikia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya namna mbili za kusimba. Base64 haimtaki anayepokea ajue chochote kuhusu kilichomo; inamtaka ajue kanuni tu, na kila kitu kinarudi. Maandishi ya binadamu yanamtegemea msomaji awe na nusu ya ujumbe tayari moyoni mwake.

Basi fikiria barua ya bibi inayokwenda Montréal. Kila biti imefika. Hakuna é iliyogeuka i, hakuna mstari uliokatwa. Lakini mjukuu amekua kwa Kifaransa na Kiingereza, na Kirundi anakijua kwa salamu. Herufi zote anazo mbele yake, na sauti haipati. Hakuna mashine ya njiani ya kulaumiwa. Kilichokatika ni kanuni kati ya watu wawili, ambayo haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu alidhani itarithiwa yenyewe. Wahandisi wa barua pepe walijua kwamba kinachosafiri hakifai kitu ikiwa upande wa pili haukufundishwa kukifungua, ndiyo maana kanuni zao waliziandika, wakazichapisha na kuzitoa bure. Sisi tunatuma picha, sauti na video kwa wingi ambao hawakuuota, huku ufunguo wenyewe, lugha, tukiuacha ujitunze. Hautajitunza. Unahitaji kufundishwa kwa makusudi, kwa vitabu, kwa rekodi za sauti, kwa saa ya Jumamosi ya mzazi na mtoto.

Na swali lile la winchi dogo halijaisha kazi. Biti ya nane imeruhusiwa siku nyingi, na orodha ya leo, Unicode, ina nafasi kwa hati za ulimwengu mzima. Lakini bado ziko fomu za mtandaoni zinazomkatalia mtu kuandika Ng'ang'a au Nyong'o kwa sababu ya alama ambayo ASCII ilikuwa nayo tangu mwanzo, na ziko nyingine zinazomlazimisha kila mtu awe na jina la kwanza na la ukoo, wakati Warundi wengi hawana jina la ukoo, kila mtoto hupewa lake. Udhaifu umehama kutoka kwenye nyaya na kuingia katika vichwa vya watunga fomu.

Wanaojifunza kutunga programu leo katika kampasi ya Mutanga watakuja kutunga fomu za hospitali, za shule, za benki na za vitambulisho. Baadhi yao wataajiriwa kutungia nchi nyingine. Ninachowaomba ni kuanza pale walipoanzia Borenstein na Freed: kabla ya kuuliza mfumo utafanya nini kwa mwenye simu bora na jina jepesi, waulize utamfanyia nini aliye mbali kuliko wote, mwenye MB chache na jina ambalo mashine haijawahi kuliona. Wakianza naye, wengine wote watakuwa wamehesabiwa tayari.